Kidole cha Kompyuta ya Binti Yangu

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Kwako daftari. Salamu nyingi, pokea. Mimi ni mzima, ila presha inapanda na kushuka kama ndoo ya kisimani. Baba watoto mzima, kalala kitini, gazeti usoni. Mama mkwe mzima wa mwili, masikio ndiyo yameaga. Wifi yangu wa nyumba ya pili mzima kupita kiasi, sauti yake inatufikia bila kualikwa. Mwanawe mzima. Paka mzima. Binti yangu, ambaye ndiye sababu ya yote haya, ni mzima lakini chakula anakichokonoa tu. Baada ya salamu.

Sijui kama daftari husalimiwa. Shule niliiacha darasa la nne, na katika yote niliyofundishwa kuandika, lililokaa kichwani ni barua. Binti ndiye aliyekuleta. Amesema wasiwasi wangu niumimine humu, nisiumimine tena kwenye masikio ya watu. Haya. Namimina.

Binti yuko kwenye majaribio ya kazi, zahanati ya mama na mtoto, chumba cha kompyuta. Nafasi ni moja. Wanaoigombea ni wawili: yeye na mtoto wa wifi. Mtoto huyohuyo mzima. Ijumaa kila mmoja ataonyesha programu yake mbele ya daktari mkuu. Programu isome orodha ya uzito wa watoto, itafute wastani, kisha irudie orodha na kuwataja walio chini ya wastani ili waangaliwe. Atakayeshinda anabaki. Atakayeshindwa anakwenda zake. Binti yangu zake ni lile duka la kutoa kopi, alikosimama kutwa mpaka miguu ikamvimba. Harudi kule. Nimeapa mbele ya paka.

Nimemwomba anieleze hiyo programu, nijue pa kusaidia. Ameniambia hakuna pa kusaidia. Nikamwomba tena. Akasema lugha yenyewe inaitwa C. Herufi moja! Hata jina hawakulimalizia, maskini.

Akasema nifikirie kompyuta ina kidole. Ikifungua faili, kidole kinakaa mwanzo kabisa. Ukiiambia soma namba, kidole kinatembea juu ya namba, kinasimama inapoishia. Soma nyingine, kinaendelea kutoka palepale. Hakirudi nyuma chenyewe. Ukikiacha mahali, kiko mahali hapo mpaka ukihamishe.

Nimesema basi inasoma kama mimi. Amecheka. Mara ya kwanza tangu wiki iliyopita. Nikajiona msaada.

Jioni wifi kaniita dirishani, eti nimwazime chujio. Chujio analo, nimeliona. Alitaka kunipasha kwamba programu ya mwanawe imekwisha kitambo, sasa anaipamba tu.

Anaipamba! Sisi bado hatujajenga, wenzetu wanapiga rangi. Kuanzia kesho naingia kazini.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Kazi nimeipata mapema kuliko nilivyotegemea. Binti alikuwa anapiga orodha ya mazoezi. Si watoto wa kweli, kawabuni mwenyewe. Kila mstari namba ya mtoto, halafu kilo zake. Mama mkwe akaita anataka kusindikizwa kwa fundi wa viatu. Nikamwambia binti nenda, hii nitamalizia mimi, kupiga namba hakunishindi. Akasitasita. Nikamwonyesha kidole changu kilivyo imara. Akaenda.

Nimepiga vizuri. Polepole, ulimi nje, lakini vizuri. Tatizo ni mtoto wa saba. Kilo mbili na nusu. Ana miezi mingapi? Anakula nini? Nani anaweza kuandika kilo mbili na nusu akanyamaza? Nikaongeza pembeni: maskini. Wa nane alikuwa mnono, nikaandika: hongera mama, pole mgongo. Baada ya hapo ingekuwa ubaguzi kuwaacha waliofuata. Kila aliyefuata nikampa neno lake.

Binti karudi, kabonyeza. Ajabu! Mtoto wa saba, kilo mbili na nusu. Mtoto wa saba, kilo mbili na nusu. Mtoto wa saba, tena, tena, kioo kimejaa, na bado anateremka kama mvua. Machozi yalinilenga. Watoto wakondefu wote hao!

Binti alitafuta kosa kwenye programu yake mchana kutwa. Akageuza hiki, akafuta kile, akajiita mjinga. Mimi nilikuwa namletea chai. Chai baada ya chai. Nilijua na sikujua. Yaani nilishuku, lakini nikajiambia neno moja la huruma haliwezi kuangusha mashine ya umeme.

Linaweza. Hatimaye akafungua faili, akaniuliza maskini ni nani. Nikajibu ni yule wa saba.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini jiko ni moto. Kidole kilimaliza kilo mbili na nusu, kikaenda kutafuta namba inayofuata. Kikagusa herufi. Kilitumwa namba, hakikutumwa herufi. Hakiiruki, hakiimezi, kinasimama palepale. Ukikiambia soma tena, kinaigusa ileile, kinakataa tena. Na kompyuta kwa kukosa jipya inataja la zamani.

Nikafuta maneno yote, moja baada ya jingine, nikimwomba radhi kila mtoto kimoyomoyo.

Ila kumbe kosa langu limemwamsha. Amesema si vizuri programu ikikwama ibwabwaje. Ameifundisha jambo: kabla ya kila mstari iweke alama mahali kidole kilipo. Ikishindwa kusoma, irudishe kidole kwenye alama, iuonyeshe mstari mzima jinsi ulivyo, kisha itulie. Nikamwambia unaona, nimesaidia. Akaisogeza kompyuta mbali nami.

Baba watoto, ambaye hakuulizwa, akasema kuchamba kwingi… akaishia hapo, kwa heshima ya chakula kilichokuwa mezani.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Balaa jipya, na hili si langu! Naliandika wazi: si langu.

Binti kabonyeza. Wastani umetoka, safi. Halafu ilitakiwa itaje watoto walio chini ya wastani. Haikutaja hata mmoja. Kimya. Kichwa cha habari kipo, watu hawapo. Hata wa saba! Yule wa saba asipokuwa chini ya wastani, nani atakuwa?

Aliirudia mpaka kitufe kikamhurumia. Kimya kilekile.

Wifi akapita kuleta chujio ambalo hakulihitaji. Akachungulia kioo. Akasema mbona tupu. Nikamwambia ndiyo mtindo wa kisasa, usafi. Akasema ya mwanawe inataja watoto kwa rangi. Nilitamani kidole chake kikwame mahali.

Wakati wa kula binti alisema amekosa pa kushika. Programu inasoma orodha mara ya kwanza ipate wastani, halafu inasoma mara ya pili iwataje. Mara ya kwanza sawa, mara ya pili kama vile faili limekauka.

Nikanyamaza. Lakini kichwa kilikuwa kinachemka kuliko sufuria. Mimi nimeshaelewa! Ile mara ya kwanza kidole kimefika chini kabisa ya orodha. Na binti mwenyewe alisema hakirudi chenyewe. Sasa kikiambiwa kisome tena, kitasoma nini? Kiko ukingoni, mbele yake hakuna mtu.

Mtu mwingine angemwambia mwanawe hayo na kwenda kulala. Mimi nikataka kumletea ushindi mezani. Kidole hakirudi? Basi kisirudi. Orodha ndiyo ikifuate kidole. Alipoingia kuoga nikafungua faili, nikainakili orodha nzima, nikaibandika tena chini yake. Kunakili alinifundisha mwenyewe, siku za mialiko ya kikundi cha kina mama. Sasa kidole kikimaliza watoto wa kwanza, kinawakuta wengine wanakisubiri, walewale, wamejipanga. Hakina haja ya kupanda juu. Kipumzike.

Waliosema kidole kimoja hakivunji chawa walikosa mama wa kukisaidia.

Nimefunga kompyuta. Sijamwambia. Kesho itakuwa zawadi.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Asubuhi sikuweza kukaa. Binti alikwenda zahanati, akarudi saa sita uso unang'aa. Njiani, akisubiri kuvuka barabara, limemjia: kidole kiko mwisho, lazima kirudishwe mwanzo kabla ya kusoma mara ya pili. Kuna amri yake, ya neno moja tu. Nikasema hivyo hivyo, hivyo hivyo. Sikutaka kumharibia furaha kwa kumwambia nilijua tangu jana.

Kumbe na mimi leo nilikuwa na mpango wa pili. Nilimwalika mtoto wa wifi chakula cha mchana. Kwa roho safi kabisa. Ila nilipika vingi, vizito, na nikakusudia kumwongezea mpaka mkanda umlilie. Mtu aliyeshiba vile hawezi kufanya mazoezi ya kesho. Atalala mpaka jioni. Hakuna aliyedhulumiwa, kashiba tu.

Huku nampakulia, binti kaandika ile amri, kabonyeza. Wastani, sawa. Watoto wakatoka! Wakatoka wote walio chini ya wastani. Halafu wakatoka tena. Wa saba, wa kumi na moja, wa kumi na sita, na mara wa saba, wa kumi na moja, wa kumi na sita.

Uso ukamzima. Akasema amri inarudisha kidole mara mbili, haiwezekani, kitabu hakisemi hivyo. Akaifuta. Kimya cha jana. Akairudisha. Watoto mara mbili. Akaifuta. Akairudisha. Akalaza paji la uso mezani, akasema kwa sauti ndogo kwamba labda kazi hii si yake, labda kwenye kopi ndiko saizi yake.

Hapo kijiko kilinitoka mkononi.

Mtoto wa wifi aliweka sahani chini. Hakuwa amelala. Hakuwa hata na dalili. Tumbo la kijana yule ni ghala. Akasogea, akaangalia programu kutoka juu mpaka chini, mikono nyuma. Angeweza kunyamaza. Nafasi ni moja, na yeye ndiye wa pili. Mimi katika nafasi yake ningenyamaza, nikaaga, nikaenda zangu nikiimba.

Akasema, "Dada, amri yako iko sawa. Hebu fungua faili."

Binti akafungua. Akateremka nalo. Akasimama. Akapanda nalo. Kisha akageuka, hakumwangalia binamu yake, aliniangalia mimi.

"Mama. Hawa watoto wamezaliwa mara mbili?"

Sikuwa na pa kupita. Nikasema nilitaka kidole kisichoke.

Paka aliacha kujilamba. Halafu mtoto wa wifi akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, kile ambacho chakula changu kilikilisha. Binti akacheka naye, akilia hapohapo. Wastani haukusogea hata chembe, alisema, ukirudia watu walewale wastani haubadiliki, ndiyo maana hakushtuka. Nikasema kumbe nilifanya kwa uangalifu. Akasema mama, tafadhali.

Kawafuta pacha wote. Kabonyeza. Kila mtoto mara moja, mahali pake. Amenishika mabega yote mawili, ameniapisha. Nisiguse faili. Nisiguse kompyuta. Nisiguse waya. Nimeapa, safari hii mbele ya mama mkwe, ambaye hakusikia.

Kijana aliondoka na chakula kilichobaki. Nilimfungia mwenyewe. Kikubwa.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Nilisema sitakwenda zahanati. Lakini binti alisahau mwavuli! Mama gani anamwacha mwanawe bila mwavuli? Nikaufuata mwavuli, yaani mwavuli ukanifuata, tukafika.

Benchi la mapokezi, katikati ya kina mama na vichanga vyao, nani kakaa? Wifi. Na mwavuli wa mwanawe mapajani. Nje jua linachoma lami. Tukaangaliana, tukasogezeana nafasi, hakuna aliyeuliza.

Chumba cha kompyuta kina ukuta wa kioo, na msimamizi wao aliacha mlango wazi kwa ajili ya joto. Tulimwona daktari mkuu, mwanamke mfupi wa koti jeupe, kasimama na mkunga mmoja. Mkunga kaleta orodha mpya, ya kweli, kaipiga mwenyewe asubuhi. Si ile ya mazoezi. Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye ndala.

Wote wawili wakabonyeza kwa pamoja, kila mmoja kwenye mashine yake.

Ya mtoto wa wifi ikaanza kumwaga. Mistari, mistari, mistari! Ya binti yangu ikatoa mstari mmoja, ikanyamaza.

Wifi akanipiga kiwiko. "Umeona ya mwanangu inavyojieleza? Yenu imepatwa na haya."

Mimi hilo la kujaza kioo nalijua. Nilishawahi kumlilia mtoto wa saba. Nilitazama vizuri: mtoto wa tisa, kilo tatu, mtoto wa tisa, kilo tatu, hana mwisho. Nilipaswa kufurahi. Nikamwona kijana anabonyeza huku na huku, jasho kwenye shingo, shingo ileile niliyoilisha jana, na furaha haikuja.

Wangu hakubonyeza ovyo. Alisoma ule mstari mmoja kwa sauti. Daktari akainama aone. Binti akamweleza, na kupitia mlango nilisikia kila neno. Kwamba mashine imeshindwa kwenye mstari huu ndipo ikarudi kwenye alama kuuonyesha. Kwamba mkunga ameandika tatu, mkato, nne, wakati mashine inataka tatu, nukta, nne. Kidole kimesoma tatu, kimekuta mkato, kimesimama. Kosa si la mkunga, alisema, kila mtu ana alivyofundishwa, programu ndiyo inayotakiwa kukubali vyote viwili, na angeomba nafasi kidogo airekebishe.

Daktari akavuta kiti akakaa. Kukaa kule nilikuelewa. Mtu anayetaka kukufukuza hakai.

Binti akarekebisha. Wastani. Kidole mwanzo. Watoto. Mtoto wa tisa akatajwa na kilo zake zote, tatu na nukta nne.

Kapata! Binti yangu kapata! Msimamizi kampa mkono, mkunga kampa mkono. Mtoto wa wifi akaambiwa aongezewe mwezi wa majaribio, ajifunze kwa mwenzake, huenda chumba cha pili kikafunguliwa. Naye alikuwa wa kwanza kumpongeza dada yake, kwa sauti.

Wifi aliukunjua mwavuli na kuukunja. Nikamshika mkono. Nikamwambia mwanao ndiye aliyemfumbua macho mwanangu, bila yeye leo ningekuwa nalia benchi hili mimi. Akaniuliza ni kweli. Nikamwambia ni kweli tupu. Tukarudi nyumbani tumefungua miavuli yote miwili, kwa kuwa ilikuwa imeshabebwa.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Salama. Nyumba imetulia. Binti amekula sahani mbili. Kijana wa wifi sasa yuko mezani kwetu, dada yake anamfundisha lile la alama. Ameshaliandika, kinachobaki ni orodha mpya ya kuijaribu.

Binti alitoka kidogo kumpeleka bibi yake kwa fundi wa viatu. Kabla ya kutoka alimwambia binamu yake orodha apige mtu yeyote, isipokuwa mama. Nikacheka sana. Mtoto ana utani.

Mara wifi akamwita kijana akamfungulie kitasa kilichogoma. Akaenda mbio. Kompyuta ikabaki wazi, na orodha haijapigwa. Mwezi mmoja tu kapewa, naye ni mtu aliyenitendea wema mezani kwangu. Nilipaswa kukaa nikiangalia ukuta?

Nilichoapa ni kutogusa kompyuta ya binti. Hii si ya binti.

Na safari hii najua kazi. Maneno hayawekwi nyuma ya namba, yanakwamisha kidole. Hilo limeniingia, halitoki. Kwa hiyo nimeyaweka mbele. Mtoto huyu mpole, halafu namba yake. Mtoto huyu ana meno mawili, halafu namba yake. Mkato na nukta nimechanganya, kila mmoja na alivyofundishwa.

Tena nikaona jambo moja ambalo wasomi wote wamelipita. Tunaituma hiyo mashine soma, soma, soma, tangu asubuhi, hakuna aliyewahi kuisalimu. Ndiyo maana inanuna! Juu kabisa, kabla ya watoto wote, nimeiandikia: Kwako kompyuta, salamu nyingi, sisi huku hatujambo, wifi hajambo, mama mkwe hajambo, paka hajambo.

Kijana amerudi. Amekaa. Mimi niko jikoni, mlango nimeurudishia, naandika nikiwa nimesimama. Amebonyeza. Kimya. Nimechungulia kwenye upenyo: mstari mmoja tu kwenye kioo, na ni wangu! Salamu yangu yote, neno kwa neno, mpaka paka. Imeipokea! Imeitikia!

Mbona hachekelei? Ameshika kichwa. Na lango limelia, binti huyo anaingia. Wanasomeana. Sasa wananiita, wote wawili, kwa upole, na upole huo ndio unaonitisha.

Daftari, wiki nzima nakuandikia na hujanirudishia hata neno. Sikudai. Lakini leo wako mlangoni, nami sina la kuwaambia. Tafadhali, unijibu upesi.